Kufunga kihisi cha kuwaonya madereva barabara inapofurika

Gari dogo huanza kupata taabu kwenye maji ya sentimita 15. Yakifika 30, magari mengi huanza kuelea, na mkondo wa sentimita 60 huzoa hata magari makubwa. Kwa hiyo taa iwake maji yakiwa sentimita 5 juu ya lami, dereva akiwa bado na nafasi ya kugeuza.

Anza na sifuri, yaani mahali ambapo kimo cha maji huanza kuhesabiwa, maana wengi hukosea hapa. Sifuri ni sehemu ya chini kabisa ya barabara, si ardhi iliyo chini ya nguzo itakayobeba kihisi. Jaza maji mpira mwembamba unaoonyesha, pasibaki povu. Ncha moja ishikwe kando ya rula iliyosimamishwa sehemu hiyo, nyingine kando ya nguzo. Maji yakitulia kwenye alama ya 40 ya rula, shuka sentimita 40 kutoka usawa wa maji kwenye nguzo, upige alama ya kudumu.

Kihisi cha mawimbi ya sauti, kinachopima umbali kwa muda ambao mwangwi huchukua kurudi, kifungwe mita 3 juu ya sifuri, kitazame chini wima, kwenye mkono unaokitenga na nguzo. Mawimbi yake hutanuka: kihisi chenye pembe ya nyuzi 30 humulika duara la mita 1.6 hivi, hivyo mkono wa mita 1 unatosha. Ukiwa mfupi, kitapima nguzo au majani. Weka pia kipimajoto kivulini. Joto likibadilika nyuzi 15, kasi ya sauti hubadilika kiasi cha kupotosha kipimo kwa sentimita 7 au 8, zaidi ya zile 5 tunazozitafuta! Pima mara 7 mfululizo, uzipange kwa ukubwa, uchukue thamani ya katikati; wastani huharibiwa na gari moja linalopita.

Ongeza swichi ya boya, inayowashwa na boya likiinuliwa na maji, kwenye kimo cha sentimita 5, ndani ya bomba lenye matundu ili takataka zisiikwamishe. Vifaa hivi viwili vikipingana, washa taa na umtumie fundi ujumbe. Taa izimwe tu maji yakikaa chini ya sentimita 2 kwa dakika 30, la sivyo itawaka na kuzima kila wimbi likipita, na madereva wataacha kuiamini.

Kibao chenye taa ya onyo kiwe wapi? Kwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyolowa, dereva huhitaji takriban mita 130 kusimama. Weka cha kwanza mita 200 kabla ya maji, na kingine kwenye njia panda ya mwisho, penye njia mbadala.

Umeme wa jua upimwe kwa siku za mawingu, kwa kuwa mafuriko na jua havikutani. Taa mbili za LED za wati 5 zinazomweka nusu ya muda hula wati 5 kwa wastani, yaani Wh (wati-saa) 240 kwa saa 48: Ah (ampea-saa) 20 kwenye volti 12. Betri ya risasi isishuke chini ya nusu, basi chukua ya Ah 40 au zaidi, maana kihisi na modemu ya kutuma ujumbe navyo vinakula.

Kituo, yaani vifaa hivi vyote kwa pamoja, kitume ujumbe wa uhai, wa kuonyesha kuwa bado kinafanya kazi, kila dakika 10 hata kukiwa kukavu. Zikikosekana tatu mfululizo, hesabu kimeharibika. Kimya kisichukuliwe kuwa barabara ni salama. Kabla ya kila msimu wa mvua safisha mdomo wa kihisi, kwani nyigu na buibui hupenda kukaa humo, kisha shikilia ubao sentimita 5 juu ya sifuri, uinue boya kwa mkono, na umweke mtu barabarani ahakikishe taa imewaka.