Kabla ya kupamba nyumba ya filamu, mjue anayeishi humo

Kwa mnaoandaa filamu Bagamoyo: kabla hamjanunua pambo lolote, jiulizeni mwenye nyumba hufanya nini akirudi jioni. Mvuvi hatundiki nyavu sebuleni kama pambo la hotelini. Nyavu zake ziko barazani, zimetoboka, na sindano ya kushonea imebaki palepale alipoishia. Mkewe akiwa muuza samaki wa kukaanga, ukuta wa jikoni uwe na masizi, na mbuzi ya nazi iwe imelainika pale anapokalia.

Vitu vipya ndivyo vinavyoharibu zaidi. Piteni mitaani mbadilishane na watu: toeni ndoo mpya mpewe kuukuu, toeni mkeka mpya mchukue uliofifia. Bawaba na kufuli ziwe na kutu, maana hewa ya chumvi haiziachi. Na kanga zilizoanikwa, tafadhali, someni maandishi yake kwanza! Kamera ikisogea, mtazamaji wa Pwani atayasoma na kuamini mama huyo anamsema jirani.

Mkimaliza, pigeni picha kila kona, ili kesho kila kitu kirudi mahali pake.