Kutafuta pete na vito vilivyopotea ufuoni Mombasa kwa kitambua metali

Kila sikukuu ya Idi na kila Desemba, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, ambao wengi tunauita Pirates, hufurika watu tangu asubuhi, na jioni hakosi mtu anayezunguka mchangani ameinama, akitafuta pete, mkufu au funguo za gari. Mara nyingi kitu chenyewe hakijaenda mbali. Kinachokipoteza kabisa ni pupa ya saa ya kwanza, pale ndugu na marafiki wanapofukua mchanga kwa mikono na miguu mpaka alama zote zikafutika na pete iliyokuwa juu ikazikwa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kutafuta kwa kitambua metali, yaani mashine ya jamii moja na kile kifimbo ambacho askari wa maduka makubwa humpitishia mtu mwilini, ila hii ina mpini mrefu na sahani ya duara inayopitishwa juu ya ardhi. Ninashikilia kwamba mashine ni sehemu ndogo ya kazi hii, kwa kuwa maelezo ya aliyepoteza na hesabu ya maji ndiyo yanayoamua kama pete itaonekana.

Anza kwa kumhoji mwenye kitu, kwa upole, maana pete ya ndoa au bangili ya urithi haihesabiwi kwa bei tu. Usimwulize ilipotelea wapi, kwa sababu angejua asingekuita. Muulize mara ya mwisho aliiona saa ngapi, alikuwa amekaa au anacheza mpira, na kama aliingia baharini, maji yalimfika magotini au kiunoni. Muulize pia kama alikuwa amejipaka mafuta, kwa kuwa kidole kilichopoa majini hupungua unene, na kikiwa na mafuta pete huteleza bila mtu kuhisi. Wanawake wengi hufunga herini na bangili katika pindo la leso kabla ya kuoga, kisha wakati wa kuondoka leso hukung'utwa mchanga. Ukisikia habari ya leso, uliza ilikung'utiwa wapi na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea wapi. Halafu omba kuona picha zilizopigwa kwa simu siku hiyo. Picha moja inayoonyesha mnazi na nyuma yake kona ya ukuta wa hoteli inatosha kukupeleka karibu kabisa na mahali, ukisogea mpaka vitu hivyo viwili vikae kama vilivyokaa pichani, jinsi wavuvi wetu wanavyolenga alama mbili za nchi kavu ili kurudi kwenye mwamba wenye samaki. Usiwasahau vijana wanaokodisha maboya, kwani wao hushinda pale na huona mengi.

Baada ya hapo, hesabu maji. Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hivyo unapata eneo pana la kutafuta mchana mweupe. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Jambo hili lina maana kubwa kwa uamuzi wako. Kitu kilichoanguka juu, kwenye mstari uliofikiwa na maji ya bamvua, kinaweza kukaa pakavu kwa siku kadhaa zinazofuata, kwa sababu kila siku maji yatakomea chini kidogo. Kitu kilichoanguka karibu na maji wakati wa maji mafu kiko hatarini zaidi, kwa kuwa kila siku bahari itapanda juu zaidi na kuuchezea mchanga uliokifunika; mwenye kitu hicho usimwambie asubiri mwisho wa wiki. Jedwali la maji la mwaka linapatikana, lakini mvuvi yeyote atakwambia hali ya maji ya kesho bila kulitazama.

Majira nayo yana neno. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mawimbi huwa makali, mwani hurundikana ufuoni, na mchanga huchukuliwa sehemu moja na kumwagwa nyingine. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bahari hutulia zaidi. Dhahabu ni nzito sana ikilinganishwa na mchanga, kwa hiyo mawimbi yanapoutikisa mchanga, pete huzama badala ya kupeperushwa mbali, na hushuka mpaka ikutane na tabaka gumu la mawe au la matumbawe. Ufuo uliochimbwa na kusi, hasa pale chini penye mteremko wa ghafla, unastahili kupitiwa kwa makini, maana tabaka hilo linakuwa karibu.

Kuhusu mashine, sema na muuzaji jambo moja: utaitumia kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine rahisi inayotumia frikwensi moja huyachukulia kuwa metali, ikalia ovyo. Kwenye mchanga mkavu inafaa vizuri. Karibu na maji, inayotumia frikwensi nyingi kwa pamoja ndiyo nzuri. Ile ya mapigo, yaani inayotuma nguvu zake kwa mapigo mafupi mafupi, hufika chini zaidi, lakini haitofautishi vyema msumari na dhahabu, nawe utachimba sana. Kabla ya kuanza, irekebishe kulingana na ardhi kwa kuinua na kushusha sahani juu ya mchanga usio na kitu mpaka itulie, na ikiendelea kupiga kelele, punguza uwezo wake wa kuhisi. Kina kidogo chenye sauti safi ni bora kuliko kina kirefu usichoweza kukisikiliza.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulipuuza. Azima pete inayofanana na iliyopotea, ifunge uzi mrefu, izike kwa kina cha sentimita 10, na upitishe mashine juu yake. Sikiliza sauti na utazame namba inayoonyeshwa. Izike tena kwa sentimita 20, usikie sauti inavyofifia na kufupika. Sauti hiyo ndiyo unayoitafuta siku hiyo. Pete nzima hulia vizuri kuliko pete iliyokatika, na mkufu mwembamba ni mgumu kuliko vyote, kwa sababu mashine husikia kila kiungo cha mkufu peke yake. Tegemea kidani chake au kifungio. Usizime sauti za takataka ndogo. Pete nyingi za dhahabu hulia sawa na vipande vya foili na vishikio vya mikebe ya soda, na ukiiamuru mashine inyamazie hivyo, umeiamuru iipite dhahabu.

Piga kamba na vijiti uzungushe eneo la mita 5 kwa 5 kutoka mahali ulipopajua kwa alama za pichani, uligawe katika njia za upana wa mita 1, na upitishe sahani taratibu, ikiwa sambamba na mchanga, sentimita mbili tatu juu yake, bila kuiinua mwisho wa kila mzunguko. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Ukimaliza, lipitie eneo lote tena kwa njia zinazokatiza zile za kwanza, kwa kuwa pete iliyosimama wima hukwepa kirahisi. Ikikosekana, ongeza mraba wa pili upande wa chini, kuelekea maji.

Sauti ikija, ipitie kwa mielekeo miwili inayokatana ili upate kitovu chake, kisha chota kwa kijiko kikubwa chenye matundu, ambacho fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Pitisha mashine tena juu ya shimo. Ikiwa imenyamaza, kitu kimo kijikoni: tikisa, mchanga udondoke, na mara nyingi kitakachobaki ni kizibo cha soda, chubwi ya mshipi au ndoana yenye kutu. Vitie vyote mfukoni uondoke navyo, kwa kuwa miguu ya watoto hupita hapo, na ufukie kila shimo.

Iko mipaka. Kasa hutaga kwenye fukwe zetu, hivyo kiota kilichowekewa alama hakiguswi. Pwani ya Nyali hadi Bamburi inapakana na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, na anayetaka kutafuta ndani ya maji aulize kwanza kwa maofisa wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Usipeleke mashine kandokando ya Fort Jesus wala kwenye magofu ya Jumba la Mtwana. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895, na katika maji ya mbele ya Fort Jesus ilizama meli ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697. Ukikutana na sarafu au chombo cha kale popote, kiache kilivyo, piga picha, na uwaarifu Makavazi ya Kitaifa.

Ukipata pete usiyotumwa kuitafuta, si yako. Ipeleke kituo cha polisi iandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na uwaachie ujumbe vijana wa ufuoni na walinzi wa hoteli za karibu. Kwa Waislamu, mali ya thamani ya kuokotwa hutangazwa mwaka mzima. Katika tangazo taja ufuo na siku tu. Anayekuja kudai aeleze mwenyewe aina ya madini, upana, na maandishi ya ndani kama yapo, kabla hujamwonyesha chochote, kisha makabidhiano yafanyike mbele ya shahidi na kila upande utie sahihi.