Mkande mama mgongo kabla hajanyonyesha

Nimeonyeshwa na nesi huku Mbagala, nikamfanyia wifi yangu mwenye mtoto wa siku 9. Mzazi akae kwenye kiti, ainamie meza, alaze kichwa juu ya mikono, avue sidiria. Paka mafuta ya nazi kidogo tu (kwa joto hili la Dar, mengi yanakera). Kunja ngumi, tokeza vidole gumba, uvizungushe taratibu pande mbili za uti wa mgongo, si juu ya mfupa wenyewe, kuanzia shingoni hadi chini kidogo ya mabega, dakika 2 au 3. Mwili ukilegea, homoni ya oksitosini hutoka kwa urahisi, na ndiyo inayosukuma maziwa. Ya wifi yalianza kudondokea kanga kabla mtoto hajawekwa titini. Haitasaidia kama mtoto hashiki titi vizuri. Rekebisha mkao kwanza. Titi likiwa jekundu na mama ana homa, hospitali. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, tafadhali usiukande kabisa, huenda damu imeganda ndani: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.