Kupanga majina kwa alfabeti kwenye Word bila kuhamisha moja moja

Kama una listi ndefu ya majina usianze kukata na kupesti moja moja jamani, utachoka bure na bado utaruka mengine. Kitu cha kwanza hakikisha kila jina liko kwenye mstari wake yaani umebonyeza Enter baada ya kila jina, maana Word inapanga aya kwa aya. Kama yamefuatana kwa koma, bonyeza Ctrl+H, kwenye boksi litakalofunguka, kule juu (Find what) weka koma na nafasi, chini yake (Replace with) weka ^p, ambayo kwa Word ni alama ya aya mpya, halafu Replace All, yote yanashuka mistarini yenyewe.

Sasa highlight listi yako tu, kichwa cha habari kiache, nenda Home utafute kile kitufe chenye A na Z na mshale. Kwenye boksi acha Paragraphs na Text, chagua Ascending (A kwenda Z), OK. Imeisha hiyo.

Ukitaka ianzie jina la pili, ndani ya boksi hilo hilo ingia Options, kwenye Other weka nafasi moja, rudi uchague Word 2 (yaani neno la pili) badala ya Paragraphs. Ila angalia, mwenye majina matatu atapangwa kwa lile la katikati.

Namba nazo, ukiacha Text unaweza kuona 10 inatangulia 2, hapo badilisha Type iwe Number. Ikivurugika bonyeza Ctrl+Z fasta kabla hujaseva na kufunga faili.