Kuigiza kwa Maandishi Mtandaoni Bila Kumwonea Mwenzako

Katika kuigiza kwa maandishi, watu wawili au zaidi hutunga hadithi pamoja kwa zamu, kila mmoja akimwandikia mhusika wake. Kanuni inayovunjwa mara nyingi ni hii: andika jaribio, usiandike matokeo. "Juma anamkata Zuhura mkono" inamnyang'anya mwenzako mhusika wake. Andika "Juma anashusha panga kuelekea bega la Zuhura", kisha subiri. Mwenye Zuhura ndiye ataamua kama anakwepa, anakinga au anaumia. Naye asikwepe kila pigo. Mhusika asiyeguswa kamwe huua pambano, maana hakuna tena cha kuhofia. Ukishambuliwa mara 3, kubali walau pigo 1, na jeraha lake lionekane katika zamu zinazofuata.

Ulichosoma wewe, mhusika wako si lazima akijue. Siri iliyonong'onwa chumbani naye yuko sokoni haimfikii mpaka aambiwe ndani ya hadithi.

Maneno ya nje ya hadithi yaweke kwenye mabano mawili: ((natoka, narudi kesho)). Humo ndimo pa kuombea ruhusa kabla ya kumuua mhusika wa mtu, kumlemaza au kuingiza mapenzi. Akikataa, badilisheni tukio papo hapo, bila kumdai sababu.

Kila zamu imwachie mwenzako cha kujibu: swali, tishio, mlango unaofunguka.