Somo: Kukimbia ultramarathoni kwa ajili ya hisani

Wengi wanaouliza habari za ultramarathoni ya hisani huanza na viatu. Mimi naanza na akaunti ya benki. Mwili una njia zake za kukuambia umekosea, tena mapema. Fedha za watu zikiendeshwa ovyo hukuumbua baadaye, na shirika ulilotaka kulisaidia linaumbuka pamoja nawe.

Ultramarathoni ni mbio yoyote inayozidi kilomita 42.195 za marathoni. Zilizozoeleka ni za kilomita 50, 80, 100 na 160. Kama hujawahi kumaliza marathoni, anzia huko. Uliyekwisha kumaliza moja au mbili, chagua 50 na ujipe miezi sita hivi.

Hatua ya 1: Ongea na shirika kabla ya kutangaza lolote. Hakikisha limesajiliwa, soma hesabu zake, omba kwa maandishi ruhusa ya kutumia jina na nembo yake. Mashirika mengine huwa na nafasi zao kwenye mbio kubwa, wanampa mkimbiaji anayeahidi kufikisha kiasi fulani cha michango. Nafasi hizo ni nzuri, ila soma masharti mpaka mstari wa mwisho: kiasi kisipotimia, nani anajazia? Mara nyingine ni wewe, kutoka mfukoni.

Hatua ya 2: Tenganisha fedha. Ada ya kujisajili, nauli, malazi na viatu ni juu yako. Michango iende moja kwa moja kwa shirika, isipite kwenye simu yako hata kwa usiku mmoja. Ukipata mfadhili wa kulipia safari, mtaje waziwazi. Mchangiaji akija kugundua kwamba hela yake ilikulipia chumba cha hoteli hatachangia tena, na hutakuwa na la kumjibu.

Hatua ya 3: Omba. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanatupa tangazo moja kwenye kundi la watu mia mbili halafu wanangoja. Tangazo la wote si la mtu yeyote. Anza na watu kumi wa karibu, mmoja mmoja, kabla ukurasa wa michango haujafunguliwa kwa umma. Ukurasa wenye sifuri haumvuti mtu, na wanaofuata hupima mchango wao kwa kuangalia waliotangulia wametoa ngapi. Ujumbe uwe hivi:

“Shikamoo shangazi. Mwezi wa tisa nitakimbia kilomita 50 kuchangia matibabu ya macho ya watoto. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shirika lenyewe, namba iko hapa chini. Naomba mchango wako kabla ya Ijumaa ijayo. Hata nisipomaliza mbio, fedha zitabaki kwa watoto.”

Sentensi ya mwisho usiiache. Watu hupenda kuahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, na kweli inachangamsha. Lakini fikiria uko kilomita ya 38, goti limeanza kukataa, na kichwani unapiga hesabu ya hela zitakazopotea ukisimama. Hapo ndipo mtu anajivunja mguu kwa nia njema. Atakayeng'ang'ania ahadi ya kilomita, mwombe aweke kiwango cha chini atakachotoa kwa vyovyote.

Terry Fox, kijana wa Kanada mwenye mguu wa bandia, alianza kuikimbia nchi yake mwaka 1980 kuchangia utafiti wa saratani. Alikwenda siku 143 na kilomita 5,373, kisha saratani ikarudi, akalazimika kusimama karibu na Thunder Bay kabla ya kufika pwani ya pili. Michango haikusimama. Iliendelea kumiminika, na mbio za jina lake zinakimbiwa mpaka leo.

Hatua ya 4: Mazoezi. Ongeza umbali kidogo kidogo, karibu sehemu ya kumi kwa wiki, na kila wiki ya nne upunguze. Siri ya ultra ni siku mbili ndefu zinazofuatana: Jumamosi masaa matatu, Jumapili mawili juu ya miguu iliyochoka. Hakuna haja ya kukimbia kilomita 50 nzima mazoezini. Jifunze pia kutembea kwa haraka, maana milima mingi utaipanda kwa kutembea kama wanavyofanya wazoefu. Wiki mbili au tatu za mwisho punguza.

Hatua ya 5: Kula na kunywa. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na tumbo lizoezwe mapema kama miguu. Kunywa unaposikia kiu. Maji mengi kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu, na hali hiyo imeua wakimbiaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, iache nyumbani, inaielemea figo wakati tayari iko kazini.

Hatua ya 6: Siku yenyewe. Anza polepole kiasi cha kuona aibu. Jua muda wa mwisho wa kila kituo: mbio za Comrades za Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, hufungwa masaa 12 baada ya kuanza, na anayechelewa hata kwa sekunde hapewi medali. Simu ya kuwapasha wachangiaji habari mwachie mtu mwingine.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikijitoa kwa jeraha wiki moja kabla, nirudishe michango?
Jibu: Haiko mikononi mwako, iko kwa shirika. Waandikie wachangiaji siku hiyo hiyo, kwa ufupi, bila visingizio. Anayetaka kurudishiwa aelekezwe kwa shirika. Wengi hawatataka.

Swali: Naweza kukimbia njia yangu mwenyewe bila kujisajili kwenye mbio?
Jibu: Unaweza dada, ila kazi zote za waandaaji zinakuwa zako: vibali vya barabara, maji, mtu wa huduma ya kwanza. Chagua mzunguko mfupi wa kilomita tano, urudie mara kumi. Weka kumbukumbu ya saa ya GPS, kwa sababu kuna watakaouliza.

Swali: Malengelenge yananimaliza baada ya kilomita 30.
Jibu: Ukihisi sehemu inapata moto tu, simama pale pale. Toa mchanga, kausha, bandika plasta, badili soksi. Dakika nne hizo zinaokoa saa nzima ya kuchechemea.

Swali: Kampuni fulani inataka nembo yake kwenye fulana yangu.
Jibu: Uliza shirika kwanza, mengine yana masharti kuhusu wafadhili. Halafu iombe kampuni hiyo ichangie kiasi sawa na watakachotoa wafanyakazi wake, ndiyo njia ya haraka ya kuongeza jumla.

Swali: Baada ya mbio mkojo wangu ulikuwa wa kahawia iliyokolea. Kawaida?
Jibu: Hapana. Misuli inaweza kuwa imevunjika na kuziba figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Swali: Ukurasa wa michango nifunge lini?
Jibu: Uache mwezi mmoja baada ya mbio. Picha yako ukiwa na vumbi mpaka magotini ndiyo itakayowaamsha waliokuwa wanasema “nitatuma”. Kisha tangaza jumla, weka risiti ya shirika, na mshukuru kila mtu kwa jina lake.