Kioo cha metali: punje ya alumini kwenye shaba na zirkoni

Kioo cha metali ni aloi iliyoganda bila atomi zake kujipanga kuwa fuwele. Fimbo ya shaba na zirkoni, nusu kwa nusu, unene wake ukizidi milimita 2 hivi huanza kutoa fuwele katikati. Kabla ya kulaumu kalibu, weka alumini asilimia 5 hadi 7. Hesabu kwa atomi, si kwa gramu (mimi nilikosea hapo). Nusukipenyo cha atomi yake, pikomita 143, kiko kati ya shaba, 128, na zirkoni, 160, tena alumini inashikamana sana na zirkoni. Atomi zinabanana, zinakosa wasaa wa kujipanga kabla aloi haijaganda. Ukizidisha alumini, fuwele zinarudi. Zirkoni yenye oksijeni nyingi nayo huharibu kazi. Hapo yitriamu kidogo, metali inayonasa oksijeni, husaidia kuliko alumini zaidi.